Taa ya Injini Ikiwaka: Msimbo Si Jina la Spea

Kila mara naletewa gari ambalo mwenyewe ameshanunua spea na taa ya injini bado inawaka. Gari liliunganishwa na mashine, pakatoka msimbo, akaambiwa anunue sensa. Pesa zimekwenda na ubovu uko pale pale. Kwa anayetafuta riziki kwa Probox au matatu, hiyo ni hasara juu ya hasara. Mimi ni fundi hapa Mombasa, na ushauri wangu ni mmoja: msimbo hukuonyesha pa kuanzia kutafuta, haukwambii cha kununua.

Msimbo husomwa vipi?

Mfumo wa OBD-II ulilazimishwa Marekani kwa magari ya modeli ya 1996 kuendelea. Tundu lake lina pini 16, na huwa chini ya dashibodi upande wa dereva. Herufi P ni ya injini na gia, B ni bodi, C ni chasisi pamoja na breki, na U ni mawasiliano baina ya kompyuta za gari. Tarakimu ya kwanza ikiwa 0, maana yake ni moja kwa magari yote. Ikiwa 1, tafuta maana ya kampuni iliyounda gari hilo. Baadhi ya magari yaliyotoka Japani hayasikizani na vifaa vya bei nafuu, kwa hivyo kifaa kikikataa kusoma, usiambiwe kompyuta ya gari imekufa.

Misimbo mitatu ya kila siku

P0301: silinda ya kwanza haichomi sawasawa. Hamisha koili yake uipeleke silinda ya pili, ya pili uilete ya kwanza, ufute msimbo kisha uendeshe. Ukirudi P0302, koili ndiyo mbovu. Ukibaki P0301, fanya vivyo hivyo kwa plagi, kisha ukague injekta na kipimo cha mgandamizo. Jaribio hilo la kwanza halina gharama ya spea hata moja.

P0171: hewa ni nyingi kuliko petroli. Wengi hukimbilia kubadilisha sensa ya oksijeni, ilhali huenda sensa hiyo inasema kweli. Angalia kwanza mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyoshika uchafu, na pampu ya petroli iliyochoka.

P0420: katalisti haisafishi moshi inavyotakiwa. Katalisti ni ghali, basi kabla ya kuinunua hakikisha ekzosi haivuji, sensa ya nyuma ni nzima, na hakuna silinda isiyochoma. Ukiacha chanzo, katalisti mpya nayo itaungua.

Chumvi ya bahari

Sisi wa Pwani tuna adui wa ziada. Hewa ya chumvi hula soketi za waya na vichwa vya betri hadi vikawa kijani. Umeme ukipungua, misimbo hutoka mitano au sita kwa pamoja, na mwenye gari akadhani kila kitu kimeharibika. Ukiona misimbo mingi kwa mpigo, pima betri, safisha waya wa ardhi na ufungue soketi kabla ya kugusa sensa yoyote.

Usifute kabla ya kuandika

Andika msimbo, pamoja na joto na mzunguko wa injini uliohifadhiwa taa ilipowaka. Ukifuta, ushahidi huo hupotea. Anayenunua gari lililotumika naye atahadhari: taa iliyozimwa jana usiku huweza kuwaka tena baada ya siku chache.

Taa ikiwaka bila kupepesa na gari likaenda vizuri, endesha taratibu ukalikaguze. Ikipepesa, simama pahali salama, kwani petroli isiyochomwa inaingia kwenye katalisti na kuiunguza.

Na fundi akikwambia ununue kitu, muulize swali moja: "Umepimaje ukajua ni hiki?" Fundi aliyepima atakuonyesha.