MUWASHO UNAOTOKA MTONI (Historia ya Ngozi Zetu, Sehemu ya 3)

Leo tuongelee muwasho. Sio ule wa joto la bondeni, wala upele wa watoto wanaolala kitanda kimoja. Ni ule usioisha: mtu anajikuna usiku kucha, ngozi inakakamaa na kukunjamana, miundi inabaki na mabaka meupe. Mtu wa hivyo anaambiwa mchafu, au karogwa. Jamani, chanzo kiko mtoni.

Ifakara tuko tambarare, Mto Kilombero unatembea taratibu na masika unafurika. Ukivuka kwenda Mahenge unapanda milima, na huko maji yanakimbia juu ya mawe. Inzi mdogo mweusi anayeleta usubi anataga kwenye maji ya namna hiyo, maana viluwiluwi wake wanashika kwenye mawe na majani, na wanahitaji hewa nyingi. Anauma mchana, watu wakiwa shambani au wakichota maji, na hapo ndipo anapoambukiza minyoo.

Minyoo mikubwa inakaa kwenye vinundu chini ya ngozi, miaka 10 hadi 15. Watoto wake, wasioonekana kwa macho, wanatembea ndani ya ngozi, na wakifa ndipo muwasho unapowaka. Wakifika machoni wanaweza kupofusha.

Haya yamechunguzwa hapa hapa kwetu. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alianzisha maabara Ifakara, na ndiyo iliyozaa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Mwaka 1965 yeye na wenzake walichapisha utafiti kuhusu usubi wa Ulanga. Mwaka 1969 ukafuata mwingine, kuhusu maisha ya inzi huyo milima ya Mahenge. Miaka hiyo hiyo ya 1960 Dkt. Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alikuwa akiwatibu wagonjwa wa kifafa Mahenge. Aliona watoto wanaoangusha kichwa mbele tena na tena, kama wanaosinzia. Leo watafiti wanakuta kifafa kingi zaidi pale usubi ulipokithiri. Kwa hiyo si suala la ngozi tu.

Dawa yake nayo ilitoka kwenye udongo. Satoshi Ōmura alipata bakteria kwenye udongo wa Japani, na kutoka kwake ikapatikana ivermectin. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ikatangaza kuitoa bure. Ndiyo hiyo Mectizan, vidonge mnavyopimiwa kwa kijiti cha urefu. Inaua minyoo midogo, ile mikubwa inabaki hai na kuzaa tena. Ndiyo maana inarudiwa kila mwaka, na kwingine mara mbili.

Sasa zingatia haya:

• Mtoto mfupi kuliko sentimita 90 hapewi. Mjamzito hapewi, wala anayenyonyesha kichanga cha chini ya wiki moja. Ukishatoka kwenye kundi hilo, usikose zamu inayofuata.

• Muwasho usioisha au kinundu, nenda kituo cha afya. Upele na usubi vinafanana, matibabu ni tofauti.

• Mtoto akianza kuangusha kichwa, hasa akiona chakula, mpeleke mapema. Usimfiche ndani.

Na yule jirani mwenye ngozi iliyokunjamana, usimkimbie. Usubi hauambukizwi kwa kushikana mikono.