Historia ya Kenya kwa Senti Kumi Kumi

Wacha niseme kitu kitakachoudhi wakusanyaji wa sarafu wenye doh: sarafu ya bei rahisi inaweza kukuambia mengi kuliko ya dhahabu. Mimi hapa Riruta sina pesa ya kununua shaba za masultani wa Kilwa. Lakini zile senti zenye tundu katikati, zile shosho ameweka kwa mkebe pamoja na vifungo na sindano, hizo naweza. Mimi hununua kwa finje hadi soo mbili, inategemea muuzaji ameamkaje.

Mbona ni rahisi? Kwa sababu zilitengenezwa nyingi mno. Na zilikuwa nyingi kwa sababu ndizo mwananchi wa kawaida alishika. Tundu lilimwezesha kuzitunga kwa kamba na kutembea nazo. Zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919, na zilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, halafu Zanzibar kuanzia 1936.

Kwa hivyo kama uko na bajeti ndogo, usikimbilie sarafu adimu. Tafuta senti kumi sita tu, na usome maandishi.

Ya kwanza, 1922, ya George V. Mwaka uliotangulia, waajiri wa kizungu waliamua kukata mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Kodi ya kibanda nayo ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16. Piga hesabu: hizo ni senti kumi 160, nyumba moja tu. Harry Thuku akapinga, akakamatwa Machi 1922. Umati ukaenda kituo cha polisi hapa Nairobi kumdai, Muthoni Nyanjiru akiwa mbele. Polisi wakafyatua risasi na zaidi ya watu 20 wakafa. Kodi ikateremshwa hadi shilingi 12. Ukishika senti ya mwaka huo, jua watu walikufa wakibishania ngapi kati ya hizo zitabaki kwa mfuko wao.

Ya pili, 1936, ya Edward VIII. Huyu alitawala chini ya mwaka mmoja, akaachia kiti Desemba ili aoe Wallis Simpson, Mmarekani. Kule kwao Uingereza, pesa zenye sura yake hazikuwahi kutolewa kwa matumizi. Zetu zilitoka. Siri ni lile tundu: hakukuwa na nafasi ya sura, jina lilitosha. Mama mboga wa hapa alishika jina la mfalme ambaye muuza duka wa London hakuwahi kuliona kwa sarafu. Lakini usidanganywe. Muuzaji akisema ni adimu, anakupima tu. Zilitengenezwa kwa mamilioni. Tena soma jina, usiangalie mwaka pekee, kwa sababu ziko za 1936 zenye jina la George V.

Ya tatu, 1943, ya George VI. Tafuta herufi SA, maana yake ilitengenezwa Pretoria, Afrika Kusini. Ilikuwa wakati wa vita, na mwaka uliofuata vijana wetu wa KAR walikuwa wanapigana Burma.

Ya nne, 1949 hadi 1952, mfalme yule yule. Ilinganishe na ya tatu. Maneno ET IND IMP hayapo tena. Yalimaanisha "na Kaizari wa India". India ilikuwa imejitoa 1947. Ufalme ulianza kupungua hadi kwa senti.

Ya tano, 1956, ya Elizabeth II. Oktoba mwaka huo Dedan Kimathi alikamatwa. Jina la malkia ndani ya mfuko, hali ya hatari nje.

Ya sita, 1964. Igeuze pande zote. Utaona EAST AFRICA, na hakuna jina la mfalme wala malkia. Tulikuwa tumepata uhuru Desemba 1963, na pesa za Kenya yenyewe hazikuja mpaka 1966. Kwa hii moja, ni kama mtu ameondoka na kiti hakijapata mwenyewe.

Sarafu sita, miaka 42, na hujamaliza hata elfu moja na mia mbili ukijua kubishana bei. Usizisugue na limau ama majivu ndio zing'ae. Rangi ile ya kahawia ndiyo umri wake, na ukiitoa umeharibu.

Kitu kinachoniuma ni kwamba shaba huuzwa kwa kilo. Mtu wa skrapu hasomi jina la Edward, anasoma mizani. Kwa hivyo kabla hujaanza kununua, piga simu ushago uulize ule mkebe uko wapi. Na usiulize sarafu peke yake. Muulize shosho senti kumi ilikuwa inanunua nini, kisha nyamaza umsikilize. Hiyo sehemu haiuzwi popote.