Sarafu ya dola trilioni moja: sheria inasemaje?

Haya wadau, hii stori inarudi kila Marekani wakibanwa na madeni: eti serikali itengeneze sarafu moja tu, iandikwe dola trilioni moja (1 na sifuri 12), ipelekwe Benki Kuu, mchezo uishe. Wengi mnadhani ni utani. Si utani, kuna kifungu cha sheria nyuma yake, na ndo hicho nakichambua leo.

Msingi wenyewe ni huu. Katiba ya Marekani, Ibara ya 1 kifungu cha 8, inasema mwenye mamlaka ya kutengeneza sarafu na kupanga thamani yake ni Bunge lao, Congress. Rais au Waziri wa Fedha hana ubavu wa kuamka asubuhi na kujitengenezea hela. Anafanya kile tu alichoruhusiwa, na Bunge limebana kwelikweli. Sarafu za dhahabu za Eagle zimepangiwa dola 50, 25, 10 na 5. Ile ya madini ya fedha ni dola 1. Hata noti za Wizara ya Fedha yenyewe (achana na hizi za kawaida, ambazo ni za Benki Kuu) haziruhusiwi kuzidi dola milioni 300.

Sasa tundu liko kwenye platini. Mwaka 1996 Bunge lilipitisha kifungu kinachojulikana kama 5112(k), kilichosukumwa na mbunge Mike Castle wa Delaware. Lengo lilikuwa kuwauzia sarafu wakusanyaji na wawekezaji. Kikampa Waziri wa Fedha uhuru wa kuamua mchoro, idadi, maandishi na thamani. Ukomo wa thamani hakikuweka! Sarafu zikaanza kutoka 1997, kubwa yake ikiandikwa dola 100.

Kuna jamaa kijiweni alinibishia kwamba hiyo platini ya trilioni itajaza meli. Hapana mzee. Thamani ya sarafu ni ile iliyoandikwa, siyo ya chuma. Sarafu ya dola 1 ikigharimu senti 10 kuitengeneza, senti 90 ni faida ya serikali. Kwa hiyo ya trilioni ingekuwa faida karibu yote, na serikali ingelipa bili bila kukopa hata senti.

Kwa nini wahangaike hivyo? Kwa sababu Bunge hilohilo linapitisha matumizi, halafu linaweka ukomo wa deni. Wasipoelewana kuupandisha, mishahara ya wanajeshi, pensheni za wazee na riba za waliowakopesha vinakaa roho juu. Mwaka 2011 walivutana mpaka kampuni ya Standard & Poor's ikawashusha daraja la ukopaji, na wazo la sarafu likashika kasi.

Wanasheria wamegawanyika. Philip Diehl, aliyekuwa mkuu wa kiwanda cha sarafu cha serikali na aliyeshiriki kuandika kifungu, alisema ni halali. Wapinzani wanasema Bunge haliwezi kukabidhi mfuko wa nchi nzima kwa kupitia kasheria ka wakusanyaji, na kwamba mamlaka makubwa hivyo lazima yaandikwe waziwazi. Mimi naona maneno ya kifungu yanawabeba wa kwanza, ila mahakama za siku hizi zingewasikiliza zaidi wa pili. Hakuna jaji aliyewahi kuamua, maana sarafu haijatengenezwa.

Halafu kuna kikwazo ambacho watu wanakiruka: Benki Kuu. Sheria (kifungu cha 5103) inasema sarafu ni malipo halali ya deni. Lakini kuweka hela benki siyo kulipa deni, kwa hiyo benki inaweza kusema rudi nayo. Januari 2013 Wizara ya Fedha na Benki Kuu zote zilikataa mpango huu. Mwaka 2023 Waziri Janet Yellen naye aliuita kiini macho, akasema si lazima Benki Kuu iipokee. Bunge likasimamisha ukomo mwaka huo, na Julai 2025 likauongeza kwa dola trilioni 5.

Mbunge Greg Walden wa Oregon alitangaza mswada wa kuliziba tundu hilo mwaka 2013. Haukuwa sheria, kifungu kipo vilevile. Kama kuna mwanasheria humu anikosoe hapo kwenye 5103.