Jamaa ya Traoré wa Ségou: kitabu kinachofurahisha na kuuma

BUNIA – Katika kambi za wahami wa vita hapa Ituri, jamaa nyingi zina mtu ambaye hawajui alifikia wapi. Ndiyo sababu mama mmoja, mwalimu aliyekimbia kutoka Djugu, alisoma riwaya ya "Ségou" mpaka mwisho. Na bado aliifunga akiwa na hasira.

Mwandishi wake, Maryse Condé, alizaliwa Guadeloupe mwaka 1934, akafariki mwaka 2024. Riwaya hiyo ilitoka kwa Kifaransa katika vitabu viwili, mwaka 1984 na 1985. Inaanza mwaka 1797, wakati ufalme wa Wabambara ulikuwa na nguvu kando ya mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali.

Dousika Traoré, mtu mkubwa kwa mfalme, ana wana wanne. Tiékoro anaenda Timbuktu kusoma dini ya Uislamu. Siga, ambaye mama yake alikuwa mtumwa, anafika Fez. Naba anakamatwa, anauzwa, anavushwa bahari mpaka Brazil. Malobali anakuwa askari katika nchi za wengine. Jamaa hiyo ni ya kutungwa, lakini mambo yaliyoitawanya yalitokea kweli: biashara ya watumwa, na vita vya El Hadj Omar Tall, aliyeingia Ségou mwaka 1861.

Mwalimu anasifu hapo. Naba anakufa Brazil, mjane wake anarudi Afrika, na huko Ouidah anaolewa na Malobali, ndugu ya marehemu. Wahami wanaelewa: habari za ndugu zinaweza kufika kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia.

Kinachomuuma ni Nadié. Tiékoro anambaka, kisha kitabu kinamfanya mke mwaminifu kwake, na mwishowe anajiua. Kwa mwalimu, mwandishi alipita haraka juu ya kidonda ambacho wanawake wa Ituri wanakijua. Jirani yake aliyesoma pia anakataa: kwake, Condé hakusifu tendo hilo, alionyesha tu namna wakati ule ulivyomhesabu mwanamke.

Hawajakubaliana mpaka leo. Lakini mwalimu amewapa watoto wake daftari waandike majina ya ukoo wao, kabla wazee hawajaondoka. Amewaambia waanze na majina ya akina bibi.