Mbolea ya Kutoa kwa Kadiri

Kwenye maduka ya pembejeo ya Machakos, mbolea huulizwa kwa kazi yake: ya kupandia au ya kukuzia. DAP huingia shimoni pamoja na mbegu. CAN, mara nyingine yurea, husubiri mahindi yafike magotini. Lakini kuna mbolea ambayo punje zake zimevikwa ganda ili naitrojeni itoke kidogo kidogo, na hii haijapata jina lililotulia.

Wengi huiita mbolea ya kutoa polepole. Jina hilo linaifaa zaidi samadi, ambayo vijidudu vya udongo huiozesha kwa wakati wao, wala hakuna ajuaye watamaliza lini. Ganda la polima hufanya kazi kwa namna nyingine. Unyevu hupenya ndani, yurea huyeyuka, kisha hujipenyeza nje kwa kasi inayofuata unene wa ganda na joto la udongo. Kiwanda huweza kupanga kazi hiyo ichukue miezi miwili, au minne. Ndiyo maana napendekeza mbolea ya kutoa kwa kadiri. “Utoaji uliodhibitiwa” si kosa, ila unanuka ofisi.

Yurea ina naitrojeni 46%. Ikimwagwa juu ya udongo wenye joto na unyevu kidogo, sehemu yake hugeuka amonia na kupaa. Nyingine huwa naitreti, na mvua kubwa huizamisha kupita mizizi. Mwaka 1999 William Raun na Gordon Johnson walikadiria kwamba, duniani kote, takriban 33% tu ya naitrojeni inayotiwa kwenye nafaka huvunwa katika punje. Hesabu hiyo ndiyo ufanisi wa matumizi ya naitrojeni, na ganda limebuniwa kuipandisha.

Sasa tuje shambani. Mvua za vuli, ambazo Ukambani huzitegemea kuliko za masika, huanza Oktoba na mara nyingi hukatika Desemba. Mahindi ya Katumani, yaliyotoka kituo cha utafiti cha jina hilo karibu na mji wa Machakos, yalichaguliwa kwa kuwahi kukomaa. Ganda la miezi minne lingeendelea kulisha mabua makavu.

Katumani, miaka ya 1980, ilijaribiwa njia ya kulima kwa kuitazama mvua: tarehe ilipoanza ndiyo iamue mbolea ya kukuzia itiwe kiasi gani. Mvua ikichelewa, mkulima hupunguza miche na fuko linabaki limefungwa. Punje yenye ganda haina nafasi hiyo. Ikishafukiwa, pesa imefukiwa nayo. Kwa mahindi ya kutegemea mvua, basi, CAN iliyogawanywa mara mbili bado naiona bora.

Kwenye mfereji wa Yatta, uliochimbwa na wafungwa wa enzi ya Mau Mau miaka ya 1950, mambo ni tofauti. Anayemwagilia mboga anajua maji yatafika lini, hivyo ganda la miezi miwili au mitatu lina maana kwake, iwapo bei yake haitazidi kibarua cha kurudia kutia mbolea.