Mahari, Haya na Deni: Ndoa ya Lord Byron na Tatizo la Mfasiri

Miongoni mwa visa vinavyorudiwa sana katika riwaya za mapenzi za Kiingereza kimo kile cha binti mnyamavu, akaaye pembeni mwa ukumbi huku wenziwe wakicheza dansi, na cha kabaila kijana mwenye jina kubwa na madeni makubwa zaidi. Katika riwaya hizo deni ni kikwazo tu. Huletwa mwanzoni ili kuwakutanisha wawili hao, kisha huondolewa mwishoni kwa urithi au kwa fedha za bibi arusi. Historia haikulichukulia deni kwa wepesi huo. Ndoa ya Anne Isabella Milbanke, aliyejulikana kama Annabella, na mshairi George Gordon Byron, iliyofungwa mwaka 1815, yatosha kulithibitisha jambo hili. Aidha, ndoa hiyo yamtia mfasiri wa Kiswahili katika mashaka ya msamiati yanayostahili kuchunguzwa.

Annabella alizaliwa mwaka 1792, mtoto wa pekee wa Sir Ralph Milbanke. Alilelewa katika vitabu na kupenda hisabati, hata baadaye Byron akampa jina la utani la Binti Mfalme wa Misambamba. Alimwona Byron kwa mara ya kwanza mwezi Machi 1812, katika karamu ya dansi nyumbani kwa Lady Melbourne, shangazi yake, mjini London. Wanawake wengi walikuwa wakimzonga mshairi huyo aliyekuwa amepata sifa ghafula. Annabella hakutaka hata kujulishwa kwake. Byron naye hakucheza, kwa kuwa alizaliwa na kasoro ya mguu. Hivyo wote wawili walikuwa watazamaji katika ukumbi wa wachezaji. Hata hivyo ingekuwa kosa kumfanya Annabella binti aliyekosa wachumba. Waliomposa walikuwa kadhaa, naye aliwakataa. Na Byron mwenyewe, alipopeleka posa kwa mkono wa shangazi huyo mwaka huohuo, alikataliwa pia.

Hapa neno la kwanza linamtatiza mfasiri. Katika riwaya za Kiingereza binti wa pembeni huhurumiwa: kukaa kwake ni dalili ya kushindwa katika soko la ndoa. Akiitwa kwa Kiswahili "binti mwenye haya", maana hugeuka. Haya katika maadili ya Waswahili ni sifa, na ukosefu wake ndio aibu. Msomaji atamwona msichana aliyefunzwa vizuri nyumbani, wala hataona sababu ya kumsikitikia. Kwa bahati, katika kisa hiki maana ya Kiswahili yaukaribia ukweli zaidi, kwani ukimya wa Annabella ulikuwa wa mtu apimaye mambo kabla ya kusema.

Byron alirithi cheo mwaka 1798, akiwa mtoto wa miaka kumi, pamoja na jumba la Newstead Abbey lililokuwa limechakaa. Kabla hajatimiza umri wa kisheria alikwisha kukopa kwa wakopeshaji wa riba. Safari zake za mwaka 1809 hadi 1811 zilizidisha mzigo. Ajabu ni kwamba kalamu yake ingaliweza kumwokoa. Utenzi wake The Corsair, uliotolewa mwaka 1814, uliuzwa nakala 10,000 siku ya kwanza. Lakini kwa desturi ya tabaka lake haikuwa heshima kwa kabaila kuandika kwa ujira, na haki za kazi hiyo alimpa jamaa yake, R. C. Dallas. Tumaini lake lilikuwa kuiuza Newstead. Mnunuzi alipatikana mwaka 1812 kwa paundi 140,000, lakini alishindwa kutimiza mapatano.

Katika hali hiyo Byron alirudia posa mwezi Septemba 1814, na safari hii akakubaliwa. Kabla ya harusi mawakili wa pande mbili waliandika hati. Baba wa bibi arusi aliahidi paundi 20,000. Byron aliweka paundi 60,000 kwa ajili ya mkewe, zitoke katika thamani ya Newstead. Yaani upande mmoja uliahidi fedha ambazo hazikuwa tayari, na upande wa pili uliahidi thamani ya jumba lisilouzika. Ndoa ilifungwa tarehe 2 Januari 1815 huko Seaham, nyumbani kwa wazazi wa Annabella.

Mfasiri aliyezoea kamusi ataziita paundi zile 20,000 "mahari". Kufanya hivyo ni kuupindua mwelekeo wa mali. Katika sheria ya Kiislamu iliyofuatwa pwani, mahari hutoka kwa mume na kuwa milki ya mke mwenyewe. Katika mila nyingi za bara, mifugo hutoka kwa ukoo wa mume kwenda kwa ukoo wa mke. Huko Uingereza mali ilitoka kwa wazazi wa mke. Tena, bila hati maalumu iliyosimamiwa na wadhamini, mali ya mke isiyo ardhi ilikuwa ya mume moja kwa moja. Sheria hiyo haikurekebishwa mpaka miaka ya 1870 na 1882. Kwa hiyo mke wa Kiislamu wa Lamu au Mombasa alikuwa na haki juu ya mali yake ambayo mke wa kabaila wa Kiingereza hakuwa nayo. Neno "mahari" likitumiwa bila maelezo huuficha ukweli huo. Afadhali kusema wazi "mali ya bibi arusi kutoka kwao", ijapokuwa maneno ni mengi.

Wanandoa walipanga nyumba Piccadilly, London, kwa paundi 700 kwa mwaka. Mwezi Aprili 1815 alifariki Lord Wentworth, mjomba wake Annabella, lakini urithi wake ulikwenda kwa mama yake Annabella. Habari za urithi ziliwaamsha wadai. Mwezi Novemba watu wa mahakama waliingia nyumbani kushika vyombo. Byron mwenyewe hakuweza kufungwa, kwa kuwa cheo chake kilimkinga na kifungo cha deni. Kinga hiyo haikuvifikia viti wala vitabu vyake. Mchapishaji wake, John Murray, alimpelekea paundi 1,500, naye akazirudisha. Katika nyumba hiyo, tarehe 10 Desemba, alizaliwa binti yao Ada, ambaye mwaka 1843 alichapisha maelezo mashuhuri kuhusu mtambo wa hesabu wa Charles Babbage.

Tarehe 15 Januari 1816 Annabella aliondoka na mtoto kwenda kwa wazazi wake, asirudi tena. Deni peke yake halikuivunja ndoa hiyo. Zilikuwako hasira za mume, na uvumi juu yake na Augusta, dada yake kwa baba. Lakini deni liliyakaza yote. Hati ya kutengana ilitiwa sahihi mwezi Aprili, na siku chache baadaye Byron aliihama Uingereza moja kwa moja. Newstead iliuzwa mwaka 1817 kwa paundi 94,500. Fedha ambazo zingaliokoa nyumba zilifika baada ya nyumba kuvunjika.

Wahenga wamesema dawa ya deni kulipa. Riwaya hulipa deni kwa ndoa, na msomaji huridhika. Kisa cha Annabella chaonyesha kwamba ndoa hiyohiyo yaweza kuwa deni jipya, na mdaiwa wake akawa yule aliyeingia bila kukopa chochote. Mfasiri asiyetofautisha mali ya mke na mahari, wala haya na kushindwa, atamfikishia msomaji wa Kiswahili hadithi ya mapenzi tu, na hesabu yake itabaki katika Kiingereza.