Mabinti wa Wino na Rangi: Waliompa Snow White Sura, Majina Yao Hayapo

Snow White anajulikana dunia nzima. Walt Disney ndo usiseme. Ila waulize mashabiki wa katuni wakutajie hata binti mmoja kati ya wale waliompaka Snow White rangi kwa mikono yao. Kimya.

Muvi hiyo ilizinduliwa Los Angeles Desemba 1937, ikiwa katuni ndefu ya kwanza ya Disney: dakika 83. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24. Piga hesabu mwenyewe, zinafika karibu fremu 120,000. Na zama hizo hakuna kompyuta, hakuna app.

Kazi ilikuwa hivi. Wanaume walichora wahusika kwa penseli kwenye karatasi. Michoro ikaenda idara ya wino na rangi, ambayo karibu yote ilikuwa wanawake. Binti analaza shiti ya plastiki inayopitisha mwanga juu ya mchoro, anaufuata kila mstari kwa kalamu ya wino. Mkono ukitetemeka kidogo tu, kwenye skrini kubwa Snow White naye anatetemeka. Mwenzake anaigeuza shiti na kupaka rangi upande wa nyuma, ili mistari ya mbele ibaki safi. Walivaa glovu nyeupe, maana alama ya kidole ingeonekana. Hata ule wekundu laini wa mashavu ya Snow White, kama amepaka blusha, ni kazi ya mikono yao, shiti baada ya shiti.

Sasa, kwa nini hawakuwa upande wa penseli? Hawakuruhusiwa. Mwaka 1938 binti mmoja aliomba nafasi ya mafunzo ya uchoraji katuni pale studio. Akajibiwa kwa barua: kazi ya ubunifu hufanywa na vijana wa kiume, wanawake kazi yao ni kufuata mistari na kujaza rangi kwa maelekezo. Kinachouma zaidi, karatasi ya barua yenyewe ilipambwa kwa picha ya Snow White.

Mwaka 1939 Disney akapewa Oscar ya heshima kwa muvi hiyo: sanamu moja kubwa na vidogo saba. Kwenye orodha ya majina ndani ya filamu, bosi wa idara ya mabinti hao, Hazel Sewell, alitajwa. Mabinti wenyewe, hapana. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Hawa walicheza, watunzwaji wakawa wengine.

Pesa nayo? Mwaka 1941 wasanii wa juu pale studio walifikia dola 300 kwa wiki, huku wa ngazi ya chini wakiambulia hata dola 12. Mei mwaka huo mgomo ukalipuka, na baadhi ya mabinti wa wino na rangi wakasimama getini na mabango kama wenzao wa kiume. Mwisho wa siku studio ikaukubali umoja wa wafanyakazi.

Mlango nao ulianza kufunguka taratibu. Bianca Majolie alishaingia chumba cha kutunga hadithi mwaka 1935, na mwaka 1942 Retta Scott akawa mwanamke wa kwanza kutajwa kama mchoraji wa mwendo kwenye katuni ya Disney, ile ya Bambi. Lakini kwa wengi, mashine ndo iliwahi kufika. Kwenye 101 Dalmatians ya 1961, teknolojia ya fotokopi ilihamisha mistari ya penseli moja kwa moja kwenye plastiki, na mikono ya wino ikakosa kazi. Wapaka rangi waliendelea hadi The Little Mermaid ya 1989. Baada ya hapo, kompyuta.

Leo shiti zile zinauzwa mnadani kwa bei ya gari. Anayenunua anaambiwa ni mchoro wa Disney. Aliyeupaka rangi bado hatajwi.